Maswali ya gereji: Gari linasita, pima kwanza

Safari hii nimekusanya maswali ya magari yanayosita, maana ndiyo yanayomaliza pesa za watu hapa Kigoma. Gari likikohoa mara moja, mtu yuko dukani ananunua plagi.

Shikamoo fundi. Nimenunua gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda, jiko la gesi na friji, kutoka kwa wageni waliokuwa wakizunguka Afrika. Ni la petroli, lina kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa), injini iko katikati ya viti. Lilikaa zaidi ya mwaka bila kutembea. Nikikanyaga mafuta linasita kidogo halafu linachangamka. Nikipanda kwenda Kasulu linakatakata kabisa. Nimebadilisha plagi, waya na koili, bado. (Msomaji, Ujiji)

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri, ila umefunga magonjwa mawili kwenye kifurushi kimoja, na vipuri ulivyonunua havihusiki na hata moja.

Kusita pale unapokanyaga, kisha gari kuchangamka, kunaanzia kwenye pampu ndogo ya ndani ya kabureta, ile inayorusha petroli ya ziada unapofungua mafuta ghafla. Gari likikaa muda mrefu, ngozi au mpira wake hukauka. Zima injini, toa chujio la hewa, chungulia kwenye koo la kabureta huku mwenzio akikanyaga pedeli. Unatakiwa kuona petroli ikiruka mara moja, kwa nguvu. Ikidondoka kivivu au isipotoka, nunua seti ya mipira ya kabureta, siyo kabureta nzima.

Kukatakata mlimani ni njaa ya mafuta. Hapo anzia kwenye tangi uje mbele. Likianza kukata, simama ufungue kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na gari likarudi kuvuta vizuri, tundu la kupumulia limeziba. Nyigu hupenda kujenga humo gari likilala. Kama sivyo, chomoa mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa inayoonyesha ndani, toa waya wa koili ili lisiwake, kisha piga stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Iache itulie uangalie chini ya chupa: maji hukaa chini ya petroli, na kutu utaiona kwa macho. Kwa gari lililolala mwaka mzima nategemea utaviona vyote viwili, na hapo filta mpya itaziba tena baada ya safari mbili. Shusha tangi lisafishwe.

Mipira ya kupitishia petroli je? Kama pampu imefungwa kwenye injini, mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu unaweza usivuje hata tone. Unavuta hewa, na wewe unatafuta unyevu usioupata. Badilisha yote, ni vitu vya bei ndogo.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Gari lako lina mtungi wa gesi, na friji za aina hiyo nyingi zina moto mdogo unaowaka muda wote. Kabla hujagusa mpira wowote wa petroli, funga mtungi, zima friji na jiko, fungua milango yote. Na asije fundi yeyote kuchomelea tangi hilo kwa sababu eti ni tupu. Tangi lililotoka kumwagwa petroli limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Fundi, gari langu halivuti. Tatizo nini? (Kasulu)

Hili naletewa kila wiki na haliwezi kujibiwa. Petroli au dizeli? Linasita likiwa la baridi au la moto? Kwenye tambarare au mlimani? Moshi wa rangi gani? Niandikie upya.

Coaster yetu yenye injini ya dizeli ya 1HZ imepoteza nguvu na inatoa moshi mweusi. Fundi anataka kushusha pampu ya dizeli. (Uvinza)

Asiiguse. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa, na 1HZ haina tabo ya kuisaidia kuvuta hewa. Kwa vumbi la kiangazi la huko kwenu, cha kwanza ni chujio la hewa. Litoe ulitazame, pamoja na bomba linaloingiza hewa. Likiwa safi, nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zipelekwe kupimwa kwenye mashine. Pampu ni ya mwisho kabisa. Ingekuwa inasita bila moshi, ningekwambia utazame filta ya dizeli, maji kwenye filta, na hewa inayoingia kwenye mirija. Pampu nyingi zinazofunguliwa bila kupimwa hurudi zikiwa mbovu kuliko zilivyoondoka, na mwenye gari ndiye anayelipa.

Nikichanganya mafuta ya taa kidogo kwenye petroli, kuna ubaya? (Kibirizi)

Upo, usichanganye. Na acha kununua petroli ya vidumu njiani, hujui kilichomo.

Landrover yangu ya zamani ya petroli, ya platini (vile vipande viwili vinavyokata na kuunga umeme wa koili), husita ikishapata moto. Nimeambiwa ni mwinuko wa Tabora. (Tabora)

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ziwa letu la Tanganyika kama mita 773. Tofauti hiyo haifanyi gari lisite likiwa la moto peke yake. Shuku kondensa, kile kikopo kidogo kinachofanya kazi na platini, na koili; vyote huchoka vikipata joto. Likianza kusita, tazama cheche hapo hapo: ikiwa ya njano na dhaifu, badilisha kondensa kwanza kwa kuwa ni rahisi. Platini ziwe na nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40. Usiku, gizani, fungua boneti injini ikiunguruma: waya unaovujisha umeme utauona ukimulika. Usiushike.

Gari ni la 1988. Nilipeleke kwenye kompyuta? (Mwanga)

Hapana. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kusomwa na mashine kuanzia magari ya 1996. La kwako ni la kabla ya hapo, anayekuchomekea mashine anakula hela yako.

Tukilala ndani ya gari, tunaweza kuacha injini iwake ili tupate feni? (Ujiji)

Msithubutu. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Injini inayosita kwa kula mafuta kupita kiasi huitoa kwa wingi zaidi, na ekzosi kuukuu hutoboka chini ya sakafu, pale pale penye kitanda. Feni ifungiwe betri yake ya pembeni. Ekzosi ikaguliwe kabla ya safari, na matundu ya sakafu yazibwe.