Ukipewa Kesi ya Dawa Michezoni, Anza na Hatua Iliyofikia

Mwandishi mpya wa michezo akiletewa taarifa kwamba bingwa fulani "amekutwa na dawa", macho yake hukimbilia jina la dawa. Anza na hatua. Kesi ya dawa za kuongeza nguvu hupanda ngazi moja baada ya nyingine, na makosa mengi yanayoishia kwenye kuomba radhi hutokana na mwandishi kutangulia ngazi moja mbele ya kesi yenyewe.

Jua kwanza chupa zinavyojazwa, maana utetezi mwingi huanzia hapo. Ofisa wa jinsia ileile ya mwanamichezo husimama akishuhudia mkojo ukitoka mwilini. Unatakiwa usipungue mililita 90. Mwanamichezo huchagua mwenyewe kisanduku kilichofungwa, humimina angalau mililita 30 katika chupa B na angalau 60 katika chupa A, kisha huzifunga kwa mkono wake. Matone yanayobaki hupimwa ili kujua kama mkojo si mwepesi mno. Ukiwa mwepesi, anasubiri na kutoa mwingine. Kwenye fomu anaorodhesha dawa na virutubisho alivyotumia katika siku 7 zilizotangulia. Maabara hupelekewa namba, si jina. Kwa hiyo sentensi kama "maabara imemtaja bingwa huyo" haiwezi kuwa kweli.

Chupa A ikionyesha kitu, maabara huiarifu taasisi iliyoagiza kipimo, na hapo bado hakuna mashtaka. Taasisi hukagua kama mhusika ana kibali cha matibabu, yaani ruhusa ya kutumia dawa iliyokatazwa kwa sababu ya ugonjwa, na kama sampuli ilichukuliwa na kusafirishwa inavyotakiwa. Kisha mwanamichezo huandikiwa barua na kuelezwa haki ya kutaka chupa B ifunguliwe, yeye au mwakilishi wake akiwepo. Asipoitaka, A peke yake inatosha kuwa ushahidi. Baada ya hapo ndipo huja mashtaka, kukiri au kusikilizwa, uamuzi, na rufaa.

Uzito wa chupa B utauona kwa mkimbiaji Bernard Lagat. Mwaka 2003 sampuli yake ya A ilionyesha EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, jina likavuja, akayakosa mashindano ya dunia ya Paris. Chupa B haikuthibitisha, akaondolewa kesi. Mwaka 2006 ikawa hivyohivyo kwa mkimbiaji wa Marekani Marion Jones: A ilisema EPO, habari ikavuja Agosti, B ikakataa Septemba. Ila mwaka uliofuata Jones alikiri mahakamani kwamba aliwahi kutumia THG, dawa iliyotengenezwa ili vipimo visiione, akafungwa miezi 6 kwa kuwadanganya wachunguzi. Waliomtangaza mkosaji mwaka 2006 walikosea kwa ushahidi waliokuwa nao siku ile, na waliomtangaza msafi nao walikosea. Chupa B inajibu swali la sampuli moja tu. Andika hivyo: sampuli ya tarehe fulani haikuthibitishwa.

Neno la pili linalowaponza wageni ni "kusimamishwa kwa muda". Kwa dawa kama EPO na steroidi, kusimamishwa ni lazima mara tu taratibu za awali zikipita. Haina maana kwamba mtu ameshahukumiwa. Kwa dawa za kundi lingine, zile ambazo zinaweza kuingia mwilini kwa sababu isiyohusu michezo, taasisi ina hiari. Ndiyo maana utamwona mmoja amesimamishwa na mwingine anaendelea kucheza, na mitandaoni kelele za upendeleo zinaanza. Wakati mwingine upendeleo upo. Mara nyingi ni kanuni tu, na kazi yako ni kusema ni ipi.

Mcheza tenisi Jannik Sinner ni mfano mzuri wa kufanyia mazoezi. Sampuli zake mbili za Machi 2024 zilikuwa na chembe za clostebol, aina ya steroidi. Alisimamishwa, akapinga haraka, kusimamishwa kukaondolewa, na kwa kuwa kuliondolewa upesi hakukutangazwa. Umma ulijua tarehe 20 Agosti, uamuzi ukiwa tayari umetoka kwamba hakuwa na kosa. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, ikakata rufaa, na Februari 2025 wakaafikiana afungiwe miezi 3. Ukiandika "ITIA ilificha kesi", yaani taasisi ya uadilifu wa tenisi, umeongeza tuhuma. Ukiandika "kanuni ziliruhusu kutotangaza, na hizi hapa kanuni", msomaji ataamua mwenyewe kama anazipenda.

Tukiwa hapo: WADA haimfungii mchezaji wa kawaida wa kesi ya kawaida. Inatunga kanuni, inaidhinisha maabara, inafuatilia, na inaweza kukata rufaa. Anayefungia ni shirikisho, taasisi ya nchi, au chombo huru kama Kitengo cha Uadilifu wa Riadha, AIU. Kichwa cha habari "WADA yamfungia" hupitishwa kila mwezi na wahariri ambao hawangethubutu kuandika kwamba FIFA imetoa kadi nyekundu.

Adhabu zina hesabu yake, na usipoijua utaisoma vibaya. Dawa nzito huanza na miaka 4, na mwanamichezo akithibitisha hakukusudia inashuka hadi 2. Anayeshtakiwa kwa kosa la miaka 4 akikiri na kukubali adhabu ndani ya siku 20 hupunguziwa mwaka 1. Kwa hiyo miaka 3 mara nyingi ni kosa la miaka 4 lililokubaliwa mapema, wala si dalili kwamba kosa lilikuwa dogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mkimbiaji wa Kenya Ruth Chepngetich Oktoba 2025. Na hapo wengi walijikwaa mara ya pili, wakaandika kwamba rekodi yake ya marathoni, saa 2:09:56 ya Chicago, imefutwa. Sampuli ilichukuliwa tarehe 14 Machi 2025. Matokeo yanayofutwa huanzia siku hiyo. Chicago ilikuwa Oktoba 2024. Kabla hujagusa medali au rekodi ya mtu, tafuta kwenye uamuzi aya inayosema matokeo yanafutwa kuanzia lini.

Kokeini, heroini, MDMA na bangi zina mlango wake. Mwanamichezo akionyesha kwamba alitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya kuongeza uwezo, adhabu ni miezi 3, na inaweza kushuka hadi mwezi 1 akikubali programu ya matibabu. Mkimbiaji Sha'Carri Richardson alipata mwezi 1 mwaka 2021 kwa bangi na akaikosa Olimpiki ya Tokyo. Usiiweke habari ya EPO chini ya kichwa "dawa za kulevya": wasomaji wanapata picha ya kosa tofauti kabisa.

Sasa namba. Usiandike kiasi bila kipimo, wala kipimo bila kiwango cha kukilinganisha. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu, pikogramu ni ya trilioni. Kwa dawa nyingi zilizopigwa marufuku hakuna kiasi kinachoruhusiwa, kwa hiyo "amezidisha kiwango" haina maana kabisa. Kwa chache kipo. Salbutamol ya pumu inaruhusiwa kwa kuvuta hadi mikrogramu 1,600 ndani ya saa 24, na kwenye mkojo kikomo ni nanogramu 1,000 kwa mililita. Maabara huripoti ikizidi 1,200 ili kufidia kasoro ya kipimo. Mwendesha baiskeli Chris Froome alikuwa na 2,000 katika Vuelta, mbio za Hispania, za 2017. Habari ilivuja Desemba, magazeti yakaandika "mara mbili ya kiwango", ambayo ni kweli, lakini wengi hawakusema kwamba dawa yenyewe inaruhusiwa na kwamba swali lilikuwa namna alivyoitumia. Julai 2018 kesi ilifungwa bila adhabu.

Kwa Chepngetich namba ilisomeka upande wa pili. Hydrochlorothiazide, iliyokutwa kwake, ni dawa ya kuongeza mkojo. Haimpi mtu mbio, ila hupunguza makali ya mkojo na hivyo inaweza kuficha dawa nyingine. Kwa kuwa vidonge vya kawaida vimewahi kukutwa na chembe zake, maabara hairipoti ikiwa chini ya nanogramu 20 kwa mililita. Yeye alikuwa na takriban 3,800. Umbali kati ya 20 na 3,800 ndio habari. Neno "kubwa mno" halimsaidii msomaji.

Visingizio utavisikia kila aina: nyama, busu, krimu ya mke, kirutubisho kilichochafuliwa. Usicheke kabla hujakagua, maana baadhi vimethibitishwa. Kagua mambo matatu. Je, kirutubisho kilitajwa kwenye ile fomu ya siku 7? Je, maelezo yamebadilika kati ya barua ya kwanza na kikao? Je, kopo ambalo halijafunguliwa, la toleo lilelile, lilipimwa na nani? Kopo lililofunguliwa halithibitishi chochote. Anayetaka anaweza kutia kitu ndani. Picha zikague kama unavyozikagua za vita. Mkimbiaji wa marathoni Wilson Kipsang, kueleza kwa nini alikosa kipimo cha Mei 2019, alitoa picha ya ajali ya lori iliyofunga njia. Wachunguzi walikuta ajali ile ilitokea Agosti. Alifungiwa miaka 4 mwaka 2020, na sehemu ya kosa ilikuwa ni hiyo picha.

Kesi ya Kipsang inakumbusha pia kwamba mtu anaweza kufungiwa bila dawa kuonekana. Wanamichezo wa ngazi ya juu hutaja mahali watakapokuwa kwa dakika 60 kila siku, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku. Kukosekana au kutoa taarifa zisizo sahihi mara 3 ndani ya miezi 12 ni kosa. Mkimbiaji Christian Coleman alipewa miaka 2 kwa hilo, ikapunguzwa hadi miezi 18. Ukiandika "afungiwa kwa kutumia dawa", mwanasheria wake ana haki ya kukupigia simu.

Kinyume chake nacho ni mtego. "Hajawahi kukutwa na dawa" ulikuwa wimbo wa mwendesha baiskeli Lance Armstrong kwa miaka. Gazeti la Sunday Times lilimshuku mapema, likalipa fidia mwaka 2006, na likarudishiwa haki yake baada ya USADA, taasisi ya Marekani ya kupambana na dawa michezoni, kutoa uamuzi wake Oktoba 2012 ukiwa na ushahidi wa watu 26. Mkojo safi ni taarifa ya siku moja. Utaje kama ushahidi mmojawapo, usiugeuze kuwa hukumu.

Vibali vya matibabu vinataka tahadhari ya pekee. Septemba 2016 wadukuzi wa Fancy Bears walimwaga rekodi za matibabu za wachezaji, akiwemo mwanajimnastiki Simone Biles. Waliokuwa na vibali halali walitangazwa kana kwamba wamenaswa. Unaweza kuhoji mfumo wa vibali, na sababu zipo, lakini kibali si kosa. Kuhusu watoto usikimbilie jina hata kidogo: kanuni hazilazimishi kuwatangaza. Kamila Valieva, Mrusi wa mchezo wa kuteleza kwenye barafu, alikuwa na miaka 15 sampuli yake ilipochukuliwa tarehe 25 Desemba 2021. Majibu yalitoka Februari 8, Michezo ya Beijing ikiendelea, na mjadala wa nani alistahili kumtaja ukaendelea sambamba na mashindano.

Habari kubwa za eneo hili hazikuanzia maabara. Zilianza na watu wa ndani. Vitaly na Yuliya Stepanov, mume na mke kutoka Urusi, walizungumza na televisheni ya ARD ya Ujerumani mwaka 2014. Grigory Rodchenkov, aliyeongoza maabara ya Moscow, alizungumza na New York Times Mei 2016 akaeleza chupa za Olimpiki ya Sochi ya 2014 zilivyopitishwa usiku kwenye tundu la ukutani na mkojo kubadilishwa. Chanzo kama hicho huja na hatia yake mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi alishiriki. Usimtupe kwa sababu hiyo, na usimwamini kwa sababu tu anajishtaki. Tafuta kitu kinachoweza kupimwa bila yeye. Kwa Sochi ilikuwa mikwaruzo ndani ya vifuniko na chumvi isiyo ya kawaida katika mkojo. Hata hivyo, Februari 2018 CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo, iliwafutia adhabu Warusi 28 kwa kukosa ushahidi wa kutosha dhidi ya kila mmoja, huku mfumo wenyewe ukiwa umethibitishwa. Mpango wa serikali na kosa la mtu ni madai mawili, na kila moja linataka ushahidi wake.

Kuhusu simu: kesi ikiwa haijaisha, maofisa hukataa kusema, na kanuni zinawafunga midomo. Lakini zinawaruhusu kujibu hadharani pale mwanamichezo au mwakilishi wake anapozungumza. Siku anapoweka video ya kujitetea, ndiyo siku ya kuipigia taasisi, ukiwa na sentensi zake neno kwa neno. Uamuzi wa mwisho wa kosa lililothibitishwa hutakiwa kutangazwa ndani ya siku 20, na AIU huweka mtandaoni orodha za waliosimamishwa na waliofungiwa. Pitia orodha hizo kila asubuhi. Jina jipya mara nyingi hukaa pale kabla ya taarifa yoyote kwa vyombo vya habari.

Mwisho weka tarehe kwenye kalenda. Rufaa kwenda CAS kwa kawaida ni siku 21, isipokuwa kanuni za mchezo huo ziseme vingine, na WADA hupata muda wa ziada baada ya wengine. Mwogeleaji wa China Sun Yang alifungiwa miaka 8 Februari 2020. Desemba mahakama kuu ya Uswisi ikaufuta uamuzi kwa sababu ya maandishi ya mwenyekiti wa jopo huko Twitter, na baadhi ya vyombo vikaandika kwamba ameshinda. Kesi ilirudi kusikilizwa upya, na Juni 2021 akapata miaka 4 na miezi 3.