Ripoti ikisema tezi ni safi, uliza zilikatwaje
Saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi mara nyingi hugunduliwa mapema, kwa kuwa kutokwa damu baada ya hedhi kukoma humpeleka mwanamke hospitali. Kinachobaki kujulikana ni kama imeshafika kwenye tezi za limfu za nyonga. Picha ya CT (skani ya eksirei) peke yake haitoshi: inategemea zaidi ukubwa, na kwa kawaida tezi hutiliwa shaka ikifika sentimita 1. Kundi la seli la milimita 1 hujificha ndani ya tezi isiyovimba hata kidogo.

Kwa hiyo wakati wa upasuaji hutafutwa tezi mlinzi, ile inayopokea kwanza majimaji ya limfu kutoka kwenye mfuko wa uzazi. Daktari hudunga rangi ya indosianini kwenye mlango wa kizazi, kulia na kushoto, kisha huifuatilia kwa kamera maalumu. Utafiti wa FIRES wa Marekani (2017) ulionyesha kwamba rangi ikifika kwenye tezi, njia hii hunasa takriban 97% ya wenye saratani humo. Lakini ni lazima ifike pande zote mbili! Wakati mwingine hugoma upande mmoja, au kinachotolewa huwa mafuta matupu. Upande huo hudungwa tena. Ukishindikana, tezi zake hutolewa. Kuuacha hivi hivi ni kubahatisha.

Maabara nako kuna mtego. Kipande kimoja chini ya darubini kinaweza kupita kando ya seli zenyewe. Tezi mlinzi ikatwe vipande vyembamba, kila kimoja kichongwe kwa vina kadhaa, na baadhi vipimwe kwa kingamwili za saitokeratini, protini inayofichua seli za saratani hizo.

Katika ripoti ya maabara tafuta ukubwa wa kundi la seli za saratani kwa milimita. Mpaka 0.2 ni seli chache zilizojitenga. Huandikwa, ila hazipandishi hatua ya ugonjwa. Zaidi ya 0.2 hadi 2 ni msambao mdogo, ambao mwongozo wa FIGO (shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake) wa 2023 unauita hatua ya IIIC1i ukiwa kwenye tezi za nyonga. Ukizidi 2, ni IIIC1ii, na mazungumzo ya dawa za saratani na mionzi huwa mazito zaidi.

Ripoti isipotaja pande mbili wala namna ya ukataji, muulize daktari kabla ya kupanga tiba. Vitalu vya nta vyenye tezi huhifadhiwa maabara. Vinaweza kuchongwa zaidi, au kuombwa vikasomwe hospitali nyingine.