Mauser 98 ya mzee: fungua bolti, triga iache

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: bunduki ya Mauser 98 ya risasi za 9.3x62 (kipenyo cha milimita 9.3, ganda la urefu wa milimita 62) uliyoachiwa na marehemu mzee inafunguliwaje, isafishwe kwa mafuta gani, na je, kukaa miaka mingi ndani ya mkoba wa ngozi kumeiharibu? Umesema leseni imeshahamia jina lako, kwa hiyo hapo sina neno. Nimefanya kazi kambi za uwindaji, Rungwa na kwingineko, nikiwa msaidizi wa mwindaji bingwa, na jioni bunduki za kambi zilipita mikononi mwangu kabla hazijafungiwa. Naandika kirefu kwa sababu kuna mdau hapo juu amekushauri uilaze yote kwenye dizeli, na mwingine amesema uifungue hadi skrubu ya mwisho. Tafadhali usifuate hata mmoja.

Bunduki nyingi za zamani nilizoona zimeharibika hazikuchoshwa na risasi. Ziliharibiwa mezani: ufito mchafu wa kusafishia mtutu uliosukumwa kutokea mdomoni, bisibisi isiyoenea kwenye skrubu, mafuta yaliyomwagwa hadi yakaozesha mbao. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kipi cha kufungua kila mara, kipi mara moja kwa mwaka, na kipi usikiguse kabisa.

Hiyo yako ni silaha iliyozaliwa jeshini. Ujerumani ilipoipokea mwaka 1898, Paul Mauser alikuwa ameipangia bolti, yaani kile chuma cha nyuma kinachofunga na kufungua mtutu, ambayo askari anaweza kuifungua shambani bila kifaa chochote. Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, akawatengenezea risasi ya 9.3x62 wawindaji na walowezi waliokuwa wakija Afrika, yaani hata huku kwetu enzi za Mjerumani, ili wapate nguvu ya kutosha ndani ya bunduki ya bei nafuu yenye urefu wa kawaida. Ndiyo maana hizi bado zipo nyingi, na ndiyo maana inafaa kuitunza: chuma chake ni kizuri na muundo wake ni wa wazi, hakuna kilichofichwa.

Kabla ya yote, toa risasi zote. Fungua bolti, toa za magazini, kisha tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, na uingize kidole uhakikishe ni tupu. Risasi zikae chumba kingine, siyo pembeni ya meza. Mdomo wa bunduki uelekee upande ambao hata ikilia hakuna atakayeumia. Mimi hukagua mara ya pili hata kama bunduki nimekabidhiwa na mtu ninayemwamini, na yeye hakasiriki.

Sasa bolti. Nyuma yake kuna kibawa cha seifti, yaani kizuizi cha usalama, chenye nafasi tatu. Bunduki ikiwa tupu na imekokiwa, simamisha kibawa wima, nafasi ya katikati. Hapo pini ya kufyatulia imeshikwa nyuma lakini bolti inafunguka. Inua mkono wa bolti, vuta nje kizuizi kilicho upande wa kushoto wa mwili wa bunduki, kisha itoe bolti kwa nyuma. Upande wa kushoto wa kofia ya nyuma utaona kitufe kidogo. Kibonyeze huku ukizungusha kofia kinyume cha saa, na pini pamoja na springi yake vitatoka vikiwa kitu kimoja. Kibawa kisitoke wima muda wote huo, maana kikilala pini itaruka mbele na kurudisha utapata tabu.

Kwa usafi wa kawaida ishia hapo. Futa vumbi na grisi iliyoganda, pitisha kitambaa ndani ya bolti, sugua uso wa bolti na chini ya ile ndoano ndefu ya kuvutia ganda kwa mswaki wa zamani. Ndoano yenyewe usiing'oe. Kuing'oa na kuirudisha kila wiki kunailegeza, na ndoano hiyo ndiyo sifa kubwa ya Mauser: inalidaka ganda la risasi tangu linapotoka magazini hadi linapotupwa nje, hata ukiwa umeinamisha bunduki kichakani na nyati yuko mbele yako.

Kwa kuwa hiyo imelala miaka, mara hii ya kwanza itabidi utoe na springi. Chukua kipande cha mbao ngumu chenye tundu dogo, simamisha ncha ya pini humo, kandamiza kofia kwa nguvu hadi kipande cha nyuma cha pini kitoke kwenye njia yake, kizungushe robo duara na ukiondoe. Achia springi polepole. Ina nguvu kuliko unavyodhani, kwa hiyo vaa miwani na uso uuweke pembeni. Grisi ya zamani iliyokauka humo ndani hupunguza mwendo wa pini, na mara nyingi ndiyo sababu bunduki ya urithi inagonga risasi bila kuwaka, halafu watu wanalaumu risasi. Tazama ncha ya pini: iwe ya mviringo na laini, isiwe na vishimo wala kuchongoka. Springi ikiwa imelegea au imepinda, tafuta mpya.

Haya ninayoyasema ni ya kibawa asili cha nafasi tatu. Ikiwa mzee alifungiwa darubini na seifti ikabadilishwa kuwa ya pembeni, au kama kuna msomaji hapa mwenye bunduki za Kicheki, Brno ZKK au CZ, bolti zao hazifunguki kwa hatua hizi. Tumia kitabu cha mtengenezaji wake.

Jambo lingine, na hili naliomba sana kwa wenye bunduki mbili zinazofanana: msisafishe bolti mbili kwenye meza moja. Bolti ililinganishwa na chemba yake ili ganda likae bila kuachiwa nafasi ya kutanuka. Ukizichanganya zinaweza kuingia vizuri tu na kufunga, halafu siku ya kupiga ganda likapasuka na moshi wa moto ukarudi usoni. Kwenye yako, angalia kama namba ya bolti na ya mwili zinafanana.

Mtutu. Ufito wa kusafishia, ule wazee waliouita mdeki, uwe wa kipande kimoja na uingie kutokea nyuma, bolti ikiwa nje. Mauser inakuruhusu hilo, hivyo hakuna sababu ya kuanzia mdomoni. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio unaoiachia risasi mwisho, na ufito ukiukwaruza upande mmoja, bunduki inapoteza shabaha na hutaelewa kwa nini. Anza na kitambaa chenye dawa ya kuondoa masizi ya baruti, acha kidogo, pitisha brashi ya shaba nyeusi, kisha vitambaa vikavu. Fulana kuukuu ya pamba au kipande cha khanga iliyochakaa vinafaa kabisa. Baada ya masizi hubaki shaba ya risasi iliyojipaka kwenye mifereji. Hiyo inahitaji dawa yenye amonia, na kitambaa kitatoka na rangi ya buluu au kijani. Rudia hadi rangi iishe. Fanyia nje au dirishani, usiiache dawa hiyo ndani usiku kucha, na ukimaliza ifute yote kisha paka mafuta mepesi.

Ikiwa mzee alikuwa akipiga risasi kuukuu zenye viwashio vya aina ya jeshi, kuna jambo hujaambiwa. Viwashio vingi vya risasi za kijeshi hadi vita ya pili ya dunia vilitumia klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa na kula chuma kama ile ya mezani. Mafuta hayaiyeyushi, na dizeli haiyeyushi. Kinachoiyeyusha ni maji. Kambini tulipopata bunduki iliyopiga risasi za aina hiyo, tulimimina maji ya moto kutokea chemba kwa kutumia faneli, tukakausha vitambaa kwa vitambaa, ndipo mafuta yakafuata. Kama vishimo vya kutu vimeshatokea, haviondoki tena, ila mtutu wenye vishimo vichache bado unaweza kupiga vizuri.

Kuhusu mafuta, tumia kidogo. Mafuta mepesi ya bunduki yakikosekana, mafuta safi ya cherehani yanafaa kwa nje na kwa pini. Oili ya injini ni nzito na inakamata vumbi, na vumbi la barabara za Rungwa mwezi wa Septemba ukilichanganya na oili unapata msasa. Mafuta ya kupikia yanaganda, usiyajaribu. Dawa ya kupuliza ya kulegeza skrubu si ya kulinda chuma kwa muda mrefu. Grisi weka tone tu nyuma ya meno mawili ya mbele ya bolti na pale bolti inapokoki. Kabla ya kwenda kupiga, kausha mtutu na hasa chemba: chemba yenye mafuta inaliacha ganda liteleze, na nguvu yote inaangukia bolti badala ya kushikwa na kuta.

Kitako ndicho kitu ambacho wengi hawakifungui kabisa au wanakifungua kila Jumapili. Mara moja kwa mwaka inatosha, au ikilowa mvua kweli kweli. Fungua kifuniko cha magazini chini. Kuna skrubu kubwa mbili, ya mbele na ya nyuma, na kwenye zile zilizotokana na za jeshi kuna vijiskrubu viwili vya kuzizuia. Tafuta bisibisi ambayo ncha yake inajaza ufa wote wa skrubu kwa upana na unene. Ukikosa, usianze. Skrubu ya nyuma hupita ndani ya kibomba cha chuma, kikidondoka kiokote ukitunze. Ukishatenganisha, chunguza mbao nyuma ya lile jino la chini ya mwili wa bunduki linalopokea msukumo, na nyuma kabisa mwili unapoishia. Ufa mdogo hapo ukiuwahi, fundi anaugundisha. Ukiuacha, kitako kinapasuka. Kutu ya mkoba wa ngozi nayo hujificha huku chini usikoiona, na hapo ndipo utapata jibu la swali lako la tatu.

Mbao kavu zipake mafuta ya kitani kwa kiganja, matone machache, usugue hadi zipate joto, ufute yanayobaki. Paka na ndani pale mbao zilipokatwa. Mbao zikinywa maji zinavimba na kuusukuma mtutu, na shabaha inahama. Wakati wa kurudisha, kaza ya mbele kwanza, kisha ya nyuma.

Triga iache. Usichonge, usipige msasa, usilegeze ili iwe laini. Safisha vumbi kwa brashi, basi.

Baada ya kufunga, ijaribu ikiwa tupu. Koki, weka seifti, vuta triga, achia, kisha toa seifti: pini isianguke. Koki tena kwa kuinua mkono wa bolti, kisha ifunge bolti kwa nguvu: isianguke pia. Ikianguka hata mara moja, hiyo bunduki haipigi risasi hadi ionwe na fundi.

Mkoba wa ngozi utumie kwa safari tu, maana ngozi inashika unyevu. Umesema unaishi Tanga, na hewa ya bahari ina chumvi, hivyo iweke ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, imesimama na mdomo ukiwa chini kidogo ili mafuta yasishukie kwenye mbao, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na kamera. Kila mwezi ipitishie kitambaa chenye mafuta, maana kila mguso wa kidole huacha jasho.

Kabla hujapiga hata risasi moja, mpelekee fundi mwenye leseni aipime chemba na bolti kwa vipimo vyake. Halafu uipime shabaha upya, kwa sababu kitako kikishafunguliwa huwezi kudhani inapiga pale ilipokuwa ikipiga kwa mzee. Ukitoa kitako ukakuta kutu ya aina yoyote kule chini, weka picha hapa tuione kabla hujaisugua na kitu chochote.