Hayati Lovell hakutua mwezini

SWALI: Mwanaanga Jim Lovell wa Marekani alipofariki dunia tarehe 7 Agosti 2025, kuna waliomwita "hayati" na kuna waliomwita "marehemu". Lipi ni sahihi? Na je, tuandike "mwana anga" au "mwanaanga"? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Yote mawili ni sahihi. Marehemu limetoka katika Kiarabu, mzizi mmoja na rehema: aliyerehemiwa. Humfaa kila aliyekufa, mwenye cheo na asiye nacho, na huweza kusimama peke yake: "Marehemu ameacha watoto wanne." Hayati nalo ni la Kiarabu, lina asili moja na uhai, nasi tumelizoea kwa watu waliojenga jina, kama tunavyosema Hayati Mwalimu Nyerere. Hili halisimami peke yake, hutangulia jina. "Hayati ameacha watoto wanne" haisemeki. Usiyafunge pamoja pia ukaandika "hayati marehemu Lovell", moja linatosha. Mwanaanga ni neno moja lenye a mbili zilizoshikana, wingi wake wanaanga. Ukiandika "mwananga" umeila anga yenyewe.

Swali limekwisha. Lakini kila anapofariki mmoja wa wanaanga wa Apollo, mpango wa Marekani wa safari za mwezini, huzuka kosa kubwa kuliko hilo, na msomaji wangu hakuliuliza: "mwanaanga aliyetua mwezini". Lovell hakutua mwezini. Hata mara moja.

Kutua ni kukishusha kilichokuwa juu kikakaa chini. Mchukuzi hutua gunia, ndege hutua uwanjani, na mahali pa kutua pakaitwa kituo. Kutulia, kutuliza na utulivu ni watoto na wajukuu wa kitenzi hikihiki. Sasa mtazame mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Amefika uani, ameizunguka nyumba yote akitafuta mahali pakavu, hakupaona, amegeuka amerudi njia aliyojia. Ametua? Hajatua! Maji yangali kichwani, na shingo ingali inamuuma. Hakuna Mswahili atakayesema mama huyu ametua ati kwa kuwa alifika uani. Basi kwa nini tumseme hivyo mtu aliyefika mwezini akarudi bila kuugusa?

Tuvipe vitenzi kazi yake. Desemba 1968 Lovell, Frank Borman na Bill Anders walisafiri na Apollo 8. Walikaa karibu na mwezi saa 20, wakiwa kilomita 110 hivi juu ya uso wake, wakauzunguka mara 10, wakarudi nyumbani. Chombo cha kutulia hawakuwa nacho kabisa. Kitenzi chao ni kuuzunguka, na hiyo u ya katikati isidondoke, kwa sababu ndiyo inayobeba mwezi. "Waliuzunguka mwezi" ni kupita pande zake zote kwa mbali. "Walizunguka mwezini" ni kutembea huku na huko juu ya ardhi yake, kama walivyofanya Neil Armstrong na Buzz Aldrin Julai 1969. Herufi chache zinamtoa mtu chomboni na kumtia mavumbini.

Aprili 1970 Lovell alirudi, safari hii akiwa kamanda wa Apollo 13, na kutua ndiko alikokusudia. Chombo cha kutulia, Aquarius, kilikuwapo. Saa 56 hivi baada ya kuruka, wakiwa yapata kilomita 320,000 kutoka duniani, tangi la oksijeni namba 2 lililipuka. Nyaya za ndani ya tangi zilikuwa zimeungua maganda katika majaribio ya ardhini. Feni za kuchanganya oksijeni zilipowashwa, cheche ikaruka. Aquarius, iliyotengenezwa ihifadhi watu wawili kwa siku mbili hivi, ikawa kimbilio la watu watatu kwa karibu siku nne. Wakapita nyuma ya mwezi, kilomita 254 kutoka usoni mwake, wakarejea salama. Hapo kitenzi ni kupita.

Watu watatu tu ndio waliokwenda mwezini mara mbili: Lovell, John Young na Gene Cernan. Young na Cernan walitua. Lovell peke yake ndiye hakutua. Ukiandika kwamba alitua, hujamheshimu. Umemzika mtu mwingine kwa jina lake. Michael Collins, mwenzao Armstrong na Aldrin katika Apollo 11, aliyefariki tarehe 28 Aprili 2021, hutendewa vivyo hivyo, ilhali ndiye aliyebaki peke yake akiuzunguka mwezi wakati wenzake wawili wako chini.

Wenzake hao walitua wapi? Mahali paitwapo Bahari ya Utulivu. Utulivu, mjukuu wa kutua! Na njiani kuelekea huko uko mlima wa mwezini ambao Lovell, akiwa ndani ya Apollo 8, aliuita kwa jina la mkewe, Marilyn. Ulikuwa alama ya njia kwa Apollo 11 ilipokuwa ikishuka, na mwaka 2017 jina hilo likakubaliwa rasmi. Ukitaka kumkumbuka Lovell kwa kutua, mkumbuke hapo: aliwaonyesha njia waliotua.

Andika basi "mwanaanga aliyekwenda mwezini mara mbili". Kwenda ni kitenzi kipana, na hapa ni kweli tupu.

Limebaki lile tamko maarufu la Apollo 13, "Houston, tuna tatizo", walilopelekewa waongozaji wa safari huko Houston, Marekani. Jack Swigert, mwenzake Lovell chomboni, alilitoa kwanza, Lovell akalirudia, na hawakusema kwamba wana tatizo. Maneno "tuna tatizo" yalienezwa na filamu ya mwaka 1995. Wao walisema kwa wakati timilifu, na Kiswahili kina -me- kwa kazi hiyohiyo, jambo limetokea na bado tunalo: "Houston, tumepata tatizo." Atakayeandika "tuna tatizo" nitamwachia, maana limeshazoeleka duniani kote. Atakayeandika "tunayo tatizo" simwachii. Tatizo moja tunalo. Yakiwa mengi ndipo tunayo.