Konrodi imetoboa bloku: kuziba au kutafuta nyingine?

Kaka, kwa hiyo Hiace yako ya injini ya 5L iliyokata konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti, shafti kuu ya injini) hapo Muheza na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini, ubavuni, usikimbilie kuchomelea. Shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) uone tundu liko wapi. Likiwa chini, kwenye ukuta usiopitisha maji wala oili, linazibika. Ufa ukigusa silinda au makao ya beringi za krenkshafti, usitupe hela. Tafuta bloku nyingine.

Bloku hiyo ni chuma cha kumwaga, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ukiichomelea ikiwa baridi kwa fimbo za kawaida, sehemu ile inakuwa ngumu kama kioo na ufa mpya unafunguka pembeni yake. Kiraka cha boliti ni nafuu na salama zaidi. Toboa kitundu cha milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee. Kata bati la chuma la milimita 3, lizidi tundu kwa sentimita 2 pande zote, ulifunge kwa boliti za M6 (unene wa milimita 6) kila baada ya sentimita 2, chini yake gundi ya chuma. Osha kwa petroli mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe (hapa ndipo wengi wanafanya haraka haraka), la sivyo gundi itabanduka.

Ila tundu ndiyo kazi ndogo. Vipande vya chuma vimeshaingia kwenye njia za oili: fungua plagi (vizibo) za njia hizo, sukuma brashi, badilisha beringi zote na ukague pampu ya oili. Krenkshafti ipimwe kwa maikromita, kifaa cha kupima unene mdogo sana; jicho la fundi wa Ngamiani pale Tanga, hata awe bingwa, halioni sehemu moja ya mia ya milimita. Jumlisha hayo yote kwanza, ulinganishe na bei ya injini ya mtumba.