Zima hiyo redio kwanza, sabufa mpya haizoeshwi kwa kuichoma

Mkuu wa Lindi, zima. Umeandika umenunua sabufa ya gari (ile spika kubwa ya besi) ya inchi 12, fundi kakwambia bado imekaza, uipigie besi nzito saa ishirini ndipo ifunguke. Unauliza kama saa hizo ni za lazima. Nimesoma hapo, ile harufu ikanirudia puani.

Maneno hayohayo niliambiwa hapa Mtwara msimu wa korosho, hela bado ya moto mfukoni. Fundi alishika bisibisi ndogo, akazungusha geni ya amplifaya mpaka ikagota, besi busti nayo mpaka mwisho. "Sabufa mpya ni kama kiatu kipya, usiionee huruma. Nenda nayo Lindi urudi." Mikindani nilipita watoto wanacheza kando ya barabara. Kabla sijafika Mingoyo, njiani kwenda Lindi, besi ikaanza kukwaruza, kisha ikaja harufu ya vanishi na plastiki inayoungua. Nikasimama, nikafungua buti, nikaisukuma koni (ile sehemu ya mbele inayocheza) taratibu kwa vidole: khrr, khrr, kama imeingia mchanga. Koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) ya omu 4 ikiwa nzima, mita ya umeme husoma kama 3 na nusu hivi. Yangu ilisoma 0.9, imeungua. Shilingi 480,000, siku ya pili tu!

Namrudia fundi, ananiambia nimeuziwa feki. Feki gani? Aliyeikaanga ni yeye! Na mpaka leo anawafungia watu kwa mtindo uleule, ndiyo maana naandika kwa hasira.

GENI SI SAUTI. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na umeme mdogo unaotoka kwenye redio. Ukiizidisha, amplifaya inafika ukomo wake, vichwa vya mawimbi vinakatwa, na sabufa inaweza kupokea hadi karibu mara mbili ya wati ulizokusudia. Koili inachemka mpaka gundi yake inaachia. Hapo hakuna kuzoea, ni kuungua.

Kinacholainika kweli ni kile kitambaa chenye mikunjo nyuma ya koni. Kinalegea chenyewe kwa kupiga muziki wa kawaida, na tofauti yake ni ndogo, sikio haliipati kirahisi.

Sasa fanya hivi. Chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya. Besi busti sifuri, ekwalaiza sifuri, geni chini kabisa, redio robo tatu ya sauti. Piga mlio wa majaribio wa Hz 50. Chukua wati halisi za sabufa au za amplifaya, zile zilizo ndogo (zile za RMS, achana na namba kubwa za kwenye katoni), zidisha kwa omu, tafuta kipeuo cha pili. Wati 500 kwa omu 4 ni 2,000, kipeuo chake ni kama volti 44.7. Weka mita kwenye AC, iguse pale kwenye amplifaya ulipochomoa waya za sabufa, pandisha geni polepole, ikigusa 44 toa mkono. Mlio wa majaribio zima kabla ya kurudisha waya.

Fundi akisema yeye anasikiliza kwa sikio, mwambie arudishe bisibisi mfukoni. Kama huna mita, Jumamosi nina safari ya Lindi na yangu iko kwenye gari. Niandikie inbox, na usiiwashe kabla sijafika.