Kabla Hujanunua Kifaa cha Sikioni, Jifunze Kuisubiri Arosto

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, aliniandikia akitaka kujua anunue wapi kile kifaa kinachobanwa sikioni na kupeleka umeme mdogo kwenye mshipa wa fahamu, kwa kuwa amesikia kinapunguza hamu ya pombe. Mimi si daktari, ni karani wa mizigo ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, lakini nilipunguza pombe katika umri ambao wenzangu ndiyo kwanza walikuwa wanakolea, kwa hiyo nitamjibu hapa ili na wengine wasome.

Mshipa unaozungumzwa unaitwa vagasi. Hutoka kwenye shina la ubongo, hupita shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni, na tawi lake dogo hufika sikioni. Marekani iliruhusu kifaa cha kuusisimua, kinachopandikizwa kifuani, kwa wagonjwa wa kifafa mwaka 1997, kisha kwa sonona sugu mwaka 2005. Hiki cha sikioni, kisichohitaji upasuaji, bado watafiti wanakipima kwa upande wa pombe. Usiuze simu yako kwa ajili yake, mdogo wangu.

Kilichonisaidia mimi hakikuuzwa popote. Kazi yetu hufuata mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, mahesabu hufanywa, na vijana hubaki na fedha mfukoni bila shughuli ya kuwaweka mbali na baa. Siku hizo arosto, yaani ile hamu kali ya pombe, ilikuwa inanianza mchana, wakati bado nimeshika daftari la magunia. Baadaye nikasoma kuhusu Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyewafundisha watu kuitazama hamu kama wimbi, linalopanda, likafika kileleni, kisha likashuka lenyewe hata usipolitii. Sisi tuliokulia ziwani hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Basi nikawa ninakaa juu ya gunia, ninaitafuta arosto ilipo mwilini, ambayo kwangu hukaa kwenye taya na viganja, na ninaitazama bila kugombana nayo, huku nikivuta pumzi kwa kawaida na kuitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta. Moyo hupunguza mwendo mtu anapotoa pumzi, na anayeushika breki hapo ni vagasi huyohuyo. Sisemi kwamba pumzi inalingana na kifaa cha umeme. Nasema haina bei. Mwanzoni inachosha, na wapagazi watakuuliza kama unaumwa. Endelea tu, kaa, tazama, toa pumzi.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni marafiki. Waliniita mlokole, ingawa hadi leo mimi hunywa kidogo kwenye sherehe, kisha wakaacha kunipigia simu wanapokutana. Katika harusi ya mmoja wao, ambaye niliwahi kumlipia deni la baa, kamati ilinipa kazi ya kulinda kreti za bia kwa hoja kwamba mimi sina hasara nazo. Nilizilinda hadi alfajiri na hakuna hata chupa moja iliyopotea, wala sikupata asante. Leo nina kiwanja Buswelu chenye msingi tayari, na wawili kati ya wanakamati wale wamekuja kuniuliza nilikipataje.

Vijana wenzangu, sote tunautaka mtumbwi wenye injini, sote tunataka duka, lakini tunavinywa kabla havijanunuliwa. Sehemu ya ubongo inayotuzuia kufanya papara huendelea kukomaa hadi karibu na miaka 25, na ndiyo tunayoimwagia pombe kila mwezi mpevu. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na kauli hiyo inanihusu hata mimi na glasi yangu ya sherehe.

Lakini wewe unayeamka ukitetemeka mikono hadi upate ya kuzimua, pumzi zangu si zako. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa. Nenda kwanza hospitali ya Sekou Toure au Bugando, umweleze daktari kiasi halisi unachokunywa, bila kuficha, akupangie namna ya kushuka.